Mtoto wa Mkubwa Akishatimiza Miaka 18

Mkoa wa Pwani umetoa marais wawili wa Jamhuri ya Muungano: Mzee Ali Hassan Mwinyi, mzaliwa wa Kivure, Mkuranga, na Jakaya Mrisho Kikwete wa Msoga, wilayani Bagamoyo, upande ambao siku hizi una halmashauri yake, Chalinze. Kila mmoja ana mtoto wa kiume aliyeingia bungeni kwa jimbo la mkoa huuhuu. Dk. Hussein Mwinyi alichukua Mkuranga mwaka 2000. Ridhiwani Kikwete akachukua Chalinze mwaka 2014. Kwenye vijiwe vya kahawa vya Dunda na Magomeni, hapa Bagamoyo, wawili hawa hutiwa kapu moja: watoto wa wakubwa, wamebebwa, basi. Mazungumzo yakiishia hapo, kinachotakiwa kuangaliwa kinapita bila kuonwa.

Tuanze na tarehe. Mzee Mwinyi aliondoka Ikulu Novemba 1995. Mwanawe alipogombea Mkuranga miaka mitano baadaye, aliyekuwa Rais na mwenyekiti wa CCM ni Benjamin Mkapa. Jina la baba lilikuwa na uzito, hilo halina ubishi, lakini baba hakuwa tena mwenyekiti wa meza iliyopitisha wagombea. Chalinze ilikuwa vingine. Mbunge wa jimbo hilo, Said Bwanamdogo, alifariki Januari 2014. Uchaguzi mdogo ukafanyika tarehe 6 Aprili mwaka huohuo, na Ridhiwani akashinda kwa mbali. Siku hiyo baba yake alikuwa Rais wa nchi na mwenyekiti wa Taifa wa chama kilichomsimamisha. Hussein alirithi jina. Ridhiwani alikuwa na jina pamoja na mamlaka iliyo hai, na kwa mtu anayejali taratibu za chama na serikali, tofauti hiyo inazidi hata suala la nani alikuwa na sifa zaidi.

Ieleweke pia kwamba uchaguzi mdogo humfaa mtu mwenye jina kuliko uchaguzi mkuu. Kiti kikiwa wazi, muda ni wiki chache. Kijana mgeni hana nafasi ya kuzunguka Ubena, Miono, Kiwangwa, Talawanda na Mandera akajulikane. Viongozi wote wa kitaifa wa chama wanahamia jimbo moja, magari yanajaa, na mtaji mkubwa wa mgombea ni kwamba watu wanamfahamu tayari. Wiki tatu kabla ya Chalinze, tarehe 16 Machi 2014, jimbo la Kalenga mkoani Iringa lilikuwa limemchagua Godfrey Mgimwa, mtoto wa Dk. William Mgimwa, Waziri wa Fedha aliyefariki siku ya kwanza ya mwaka huo. Chaguzi ndogo mbili zilizokaribiana, watoto wawili wa viongozi. Haihitaji njama. Muda mfupi unatosha kuleta matokeo hayo.

Sasa njia yenyewe. Mtu hawi mbunge kwa CCM kwa kuamka asubuhi akatangazwa. Kuna kuchukua fomu, kuna kura za maoni, kuna kamati ya siasa ya wilaya na ya mkoa kuweka alama na maoni yao, kisha vikao vya Taifa vinavyofanya uteuzi wa mwisho chini ya mwenyekiti wa chama. Baada ya hapo ndipo fomu ya Tume ya Uchaguzi, yenye wadhamini 25 waliojiandikisha kupiga kura jimboni. Jina hufanya kazi tofauti kila hatua. Kwenye kuchukua fomu linawapunguza wapinzani: mtu aliyekuwa akijiandaa miaka mitatu anaambiwa na wazee wake kwamba safari hii apumzike. Kwenye kura za maoni, mjumbe hasemi anaogopa. Anajiuliza nani kati ya hawa, akipiga simu wizarani kuhusu maji, simu itapokelewa. Hilo ni swali la busara kwa mtu wa Chalinze, ambako mradi wa maji wa Mto Wami ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukajengwa awamu kwa awamu, watu wakiendelea kununua maji kwa madumu. Na kwenye kamati za juu jina halihitaji kusema kitu. Nani ataandika alama mbaya kwenye karatasi ambayo mwisho wa safari itasomwa mbele ya baba wa mgombea?

Hapa ndipo penye kasoro, na ni kasoro ya kikao zaidi ya kuwa ya mtoto. Chama chenye mamilioni ya wanachama kilipaswa kuwa na kanuni fupi inayosema: mjumbe wa kikao cha uteuzi ambaye mzazi wake, mwenzi wake, mtoto wake au mkwe wake ni mwombaji, atatoka nje ajenda hiyo ikifika, na muhtasari utaandika saa aliyotoka, saa aliyorudi na nani alishika kiti. Mistari mitatu. Mgombea mwenyewe ndiye angefaidika zaidi, maana neno "kubebwa" lingekosa pa kushika.

Kuna mambo mawili ambayo wanaoshikilia hoja ya kubebwa huyaruka. La kwanza: kiti cha Chalinze hakikutoka kwa baba kikaenda kwa mwana moja kwa moja. Mzee Kikwete alikuwa mbunge wa Bagamoyo kuanzia 1990, kisha wa Chalinze kuanzia 1995 mpaka alipochaguliwa kuwa Rais 2005. Baada yake akaja Ramadhani Maneno, halafu Bwanamdogo. Miaka minane na zaidi jimbo lilikuwa nje ya familia, na muda wote huo baba akiwa Ikulu. La pili: baada ya kuchaguliwa, Ridhiwani alikaa viti vya nyuma karibu miaka minane. Baba hakumpa uwaziri katika mwaka na nusu uliobaki. Hayati Magufuli hakumpa chochote. Unaibu waziri wa Ardhi aliupata Januari 2022, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan. Mwaka 2023 akahamia Utumishi na Utawala Bora akiwa naibu, Julai 2024 akawa waziri wa Kazi, Vijana, Ajira na Wenye Ulemavu, na Novemba 2025 akarudi Utumishi akiwa waziri kamili. Huo si mwendo wa mtu aliyepaishwa usiku mmoja. Mwanasheria yeyote aliyekaa bungeni muda huo angeweza kuufikia.

Wala jina halifungi mlango wa nyuma. Jirani zetu wa Tanga wamelishuhudia: January Makamba, mtoto wa Mzee Yusuf Makamba aliyekuwa Katibu Mkuu wa CCM, alishika Bumbuli tangu 2010, akawa waziri wa wizara nzito, na mwaka 2025 vikao vya chama chake vikamwacha nje ya orodha kabla wajumbe hawajapiga kura. Na Makongoro Nyerere, mwaka 1995, aliingia bungeni kwa Arusha Mjini kupitia NCCR-Mageuzi, akipingana na chama alichokiasisi baba yake, kabla mahakama haijatengua ushindi ule. Jina la Nyerere halikumzuia kushinda akiwa upinzani, wala halikumwokoa mahakamani.

Kwa hiyo mtoto mwenye cheo si yeye anayenitia wasiwasi mkubwa. Ana faili. Amejaza fomu ya Tume, ameapa, hotuba zake ziko kwenye taarifa rasmi za Bunge, na kama mbunge na waziri anawajibika yeye binafsi mbele ya Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Ukimkosoa, una pa kuanzia. Mwenye kuhitaji kuangaliwa ni yule mwingine: mtoto mtu mzima wa kiongozi, asiye na ofisi, asiyechaguliwa, ambaye simu yake inapokelewa.

Sheria yetu haimwoni kabisa. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, Na. 13 ya 1995, kifungu cha 9, inamtaka kiongozi atamke kwa maandishi mali na madeni yake: ndani ya siku 30 tangu ashike wadhifa, kila mwisho wa mwaka, na anapoondoka. Tamko hilo linamhusu yeye, mwenzi wake, na watoto wake walio chini ya miaka 18 ambao hawajaoa au kuolewa. Hesabu ni rahisi. Mtoto wa miaka 12, ambaye mali yake ni baiskeli na kibubu, yumo kwenye fomu. Mtoto wa miaka 32 mwenye kampuni tatu, ghala na malori hayumo. Siku anapopata uwezo wa kusaini mkataba, ndiyo siku anayotoka kwenye karatasi.

Si kwamba waliotangulia walikuwa wakali kuliko sisi kwenye jambo hili. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili, kupangisha nyumba. Na lilisema wazi kwamba masharti hayo yanamshika kiongozi na mwenzi wake. Watoto hawakutajwa. Mwaka 1967 jambo hilo lilieleweka: nchi ilikuwa haijatimiza miaka sita ya uhuru, na watoto wa viongozi wengi walikuwa bado wako shule. Azimio la Zanzibar la 1991 lilipolegeza masharti, biashara zikaruhusiwa, na watoto walewale walikuwa wameshakua. Sheria ya 1995 ikaja katikati ya mabadiliko hayo, ikaandikwa kana kwamba familia ya kiongozi bado ni ya mwaka 1967.

Benki zimetuzidi hapa. Miongozo ya kimataifa ya kuzuia utakatishaji wa fedha, ile ambayo Tanzania ililazimika kuishughulikia ilipowekwa kwenye orodha ya kufuatiliwa kwa karibu kuanzia Oktoba 2022 hadi Juni 2025, inamtaka mwenye benki awatazame kwa umakini zaidi viongozi wa kisiasa pamoja na ndugu zao wa karibu, watoto watu wazima wakiwamo. Chanzo cha fedha kinaulizwa, na idhini ya ngazi ya juu inahitajika kabla akaunti haijafunguliwa. Mtu yuleyule, siku ileile: kwa benki ni mteja wa kuangaliwa mara mbili, kwa sheria ya maadili ni mpita njia.

Tuje Bagamoyo, maana hapa jambo hili lina sura ya ardhi. Machi 2013, Rais Xi Jinping alipozuru, ilisainiwa makubaliano ya msingi ya bandari ya Bagamoyo, eneo la Mbegani. Oktoba 2015, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi. Mwaka 2019 Rais Magufuli akayakataa hadharani masharti ya wawekezaji, na mwaka 2021 Rais Samia akasema mazungumzo yafufuliwe. Kila tangazo lilipotoka, bei ya ardhi ya Zinga, Mlingotini, Kerege na Mapinga ilitikisika. Kwenye soko la namna hiyo fedha haiko kwenye kulima wala kujenga. Iko kwenye kujua mapema mpaka wa mradi utapita wapi, barabara ya kuingilia itakatiza shamba la nani, na fidia itaanza kulipwa kijiji gani. Habari hiyo haitolewi kwa tangazo. Inasikika mezani, chakula cha usiku.

Ndiyo maana nasema mtoto hahitaji kuomba upendeleo. Afisa ardhi haambiwi kitu. Anaona jina kwenye faili, anakumbuka kwamba uhamisho wake uko mikononi mwa watu wanaomjua baba wa mwenye jina, na anajiamulia mwenyewe. Faili la huyo linatoka chini ya rundo kuja juu. Hakuna simu iliyopigwa, hakuna bahasha iliyopita, na TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wakija hawana cha kushika. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinamgusa anayeuza au kununua ushawishi, hata kama si mtumishi wa umma, lakini kinahitaji ushahidi wa ahadi au manufaa. Hofu ya afisa si ushahidi. Na kuna baya zaidi: mara nyingine mwenye jina hana habari. Dalali anasimama shambani, anasema kwa sauti ya chini kwamba eneo hili ni la mtoto wa fulani, na hapohapo maswali yanakwisha. Hati ikija kutoka, ina jina la mtu mwingine kabisa.

Anayetaka kulifuatilia jambo kama hilo aanze kijijini, asianze mtandaoni. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, ardhi ya kijiji haihamishwi kuwa ya namna nyingine kwa saini ya mtendaji. Eneo lisilozidi hekta 250 linahitaji ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji. Likizidi hapo, Waziri ndiye anayeamua, baada ya mkutano mkuu kutoa mapendekezo. Kwa hiyo lazima kuwe na muhtasari wenye tarehe, ajenda na orodha ya waliohudhuria. Uharibifu hutokea kwenye orodha. Watu walisaini mahudhurio ya mkutano wa chanjo ya mifugo au wa mchango wa darasa, kisha karatasi ileile ikabandikwa kwenye muhtasari wa ardhi. Linganisha idadi ya waliosaini na mikutano mingine ya mwaka huo, angalia kama waliosaini walikuwepo kijijini au wamo hata marehemu, na uulize ajenda ilibandikwa lini kwenye ubao wa matangazo. Njia nyingine ni kukata eneo kubwa vipande, kila kipande kikiwa na mnunuzi wake, ili pasiwepo mkutano hata mmoja ulioona ukubwa halisi. Weka vipande kwenye ramani moja ndipo utaona.

Kampuni nazo zina mlango wake. BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, hutoa taarifa za msako kwa mtu yeyote anayelipa ada: wakurugenzi, wanahisa, tarehe ya kusajiliwa. Tarehe ni ya kutazamwa kuliko majina. Kampuni iliyosajiliwa miezi miwili kabla ya zabuni na ikashinda ina maswali ya kujibu, awe mwenye kampuni ni mtoto wa nani. Zabuni za halmashauri siku hizi zinapita kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya umma wa mtandaoni, ambao unaonyesha zilizotangazwa na zilizotolewa. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 kampuni zinatakiwa pia kutaja wamiliki manufaa, yaani watu halisi walio nyuma ya majina ya kwenye karatasi, ila rejesta hiyo ni ya vyombo vya dola. Mwananchi haioni. Anaweza kuomba taarifa nyingine za serikali chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, kwa barua, na ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Andika unachotaka kwa usahihi: namba ya zabuni, namba ya kiwanja, mwaka. Ombi linaloandikwa "taarifa zote kuhusu familia ya kiongozi" linakataliwa, na kwa haki.

Majina ni mtego. Pwani hii kuna akina Hamisi Juma Hamisi mia, na msako wa BRELA hauonyeshi kwa umma namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA). Jina kufanana si ushahidi. Upande wa pili, jina kutofanana nako si usalama. Mtoto hubeba jina la baba, kwa hiyo mzazi mwenye madaraka akiwa mama, sikio halishtuki. Wanu Hafidh Ameir ni mtoto wa Rais Samia. Alikuwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi kabla ya kuwa mbunge wa Makunduchi mwaka 2025, na Novemba mwaka huo mama yake akamteua naibu waziri wa Elimu. Mumewe, Mohamed Mchengerwa, mbunge wa Rufiji tangu 2015 na waziri wa siku nyingi, akapewa Afya katika baraza hilohilo. Yote yalitangazwa mchana kweupe na Katiba inayaruhusu, maana mawaziri huteuliwa kutoka miongoni mwa wabunge na wote wawili ni wabunge. Lakini mkwe, kama alivyo mtoto mtu mzima, hayumo kwenye kifungu cha 9. Ikiwa yeye mwenyewe ni waziri tunamwona kwa wadhifa wake. Asingekuwa waziri tusingemwona.

Majina mengine yanayotajwa majukwaani siku hizi siyatumii hapa, kwa sababu jukwaa ni jukwaa. Anayeyasambaza kwenye makundi ya WhatsApp akumbuke kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: taarifa ya uongo inagharimu faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Sheria hiyo ina makucha kwa anayeuliza vibaya, na ile ya maadili haina hata kisanduku cha kujaza kwa anayepaswa kuulizwa. Hapo ndipo uvumi unapopata chakula. Watu hawabuni mali za watoto wa wakubwa kwa sababu ni waongo. Wanabuni kwa sababu hakuna karatasi ya kuwasahihisha.

Yaliyotokea kwingine yanaonyesha gharama yake. Senegal, Karim Wade alikuwa kwenye timu iliyoshindwa uchaguzi wa serikali ya mitaa Dakar, Machi 2009. Wiki chache baadaye baba yake, Rais Abdoulaye Wade, akampa wizara iliyounganisha ushirikiano wa kimataifa, usafiri wa anga na miundombinu. Baba alipoondoka madarakani, mwana alishtakiwa, na Machi 2015 akahukumiwa miaka sita. Alisamehewa mwaka uliofuata. Kwetu asingeweza kuwa waziri bila kiti cha ubunge, ingawa Rais ana nafasi 10 za kuteua wabunge, kwa hiyo tusijisifu sana. Angola, Isabel dos Santos aliwekwa na baba yake kuongoza Sonangol Juni 2016. Baba akang'atuka Septemba 2017, na Novemba mwaka huohuo Rais mpya akamwondoa binti huyo. Uganda ni jambo jingine kabisa, maana huko mtoto yuko jeshini, ambako hakuna mpiga kura. Oktoba 2022 Jenerali Muhoozi Kainerugaba aliandika Twitter kwamba jeshi lake lingeichukua Nairobi ndani ya wiki mbili. Baba yake, Rais Museveni, alimwondoa kwenye ukamanda wa majeshi ya nchi kavu, papo hapo akampandisha cheo kuwa jenerali kamili, kisha akaomba radhi kwa Wakenya. Machi 2024 akamfanya mkuu wa majeshi yote.

Kuna wanaosema mtoto mtu mzima ni raia kama wengine, ana haki ya kufanya kazi na kumiliki mali, na kumtaka atangaze mali yake ni kumwadhibu kwa kuzaliwa. Hoja hiyo ina uzito na naikubali nusu. Sioni sababu ya mtoto wa waziri kuandika fomu kuhusu duka lake la vitenge pale stendi. Nyumba yake, gari lake na harusi yake havituhusu. Vinatuhusu pale tu anapokutana na mali ya umma: anapoomba zabuni, leseni, kitalu, msamaha wa kodi, au ardhi ambayo serikali ndiyo inayoigawa. Wajibu huo haupaswi hata kuwa wake. Uwe wa mzazi. Kifungu cha 9 kibaki kama kilivyo kwa watoto wadogo, kiongezwe kifungu kidogo kinachomtaka kiongozi, ndani ya siku 30 tangu apate habari, aandike kwamba mtoto wake mtu mzima au mkwe wake ana mkataba na taasisi ya umma, ni taasisi ipi, na yeye kiongozi ana usemi gani juu ya taasisi hiyo. Kama ana usemi, ajitoe kwenye maamuzi, na kujitoa kwake kuandikwe. Orodha hiyo iwe wazi kusomwa bila mtu kwanza kuonyesha kwamba ameleta malalamiko, tofauti na rejesta ya sasa, ambayo mlango wake wa kuingilia ni mwembamba kiasi kwamba wachache hujaribu.

Watasema kiongozi atadai hakujua. Wengine watadai kweli. Lakini kutojua kukishatakiwa kuandikwa na kusainiwa, kunakuwa tamko, na tamko la uongo lina adhabu.

Sekretarieti ya Maadili iko chini ya Ofisi ya Rais, na mambo ya utawala bora yana waziri wake. Waziri huyo kwa sasa ni mbunge wa Chalinze, mwanasheria, mtoto wa Rais mstaafu, ambaye naye kama kiongozi hujaza fomu hiyo kila mwisho wa mwaka. Muswada wa kurekebisha kifungu cha 9 ukiandikwa, utapita mezani kwake kabla haujafika bungeni.